Walichukua mkojo wetu, nambari zikabaki wapi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Kapata. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa.

Bamama wale wamekaa pale nyuma, mutusamehe juu ya viti, vilivyopatikana ni hivi tu.

Mimi munanijua. Nilikomalia hapa Kapata, katika nyumba hizi Gécamines ilizijengea wafanyakazi wake. Nilisoma afya ya umma miaka mitano, nikapata lisansi, na huu ni mwaka wa tatu niko nyumbani. Diploma iko ndani ya plastiki, chini ya matela. Wengine munaniita "dokta" kwa kunicheka. Hakuna neno. Leo hiyo lisansi tuitumie hata saa moja, isioze bure.

Sikuja kuongea juu ya uchaguzi. Sikuja kuongea juu ya bei ya kobalti. Nimekuja kuongea juu ya mkojo. Ndiyo, muncheke kwanza, tumalize kucheka, tuendelee.

Miaka mbili iliyopita timu moja ya utafiti ilifika huku. Ilikuwa inatafuta vijana wanaojua Kiswahili cha hapa na wanaojua avenue zote. Nikapata kazi ya ankete, siku tisa, dola 15 kwa siku. Kwangu zilikuwa franka za kwanza nilizozipata kwa kitu nilichosomea. Nilipita mlango kwa mlango na tableti mkononi. Munachota mayi wapi? Munapika na makala ao na kuni? Nani katika nyumba anafanya kazi ku karyeri? Mawe yanalala wapi usiku? Mtoto anakohoa toka lini? Nyuma yangu alikuja infirmie na vikopo vidogo vyenye kifuniko, kila mtu akaenda choo, akarudi na kikopo chake, kikaandikwa namba, kikaingia katika glasiere.

Na kila mlango nilisema sentensi moja waliyonifundisha: "Majibu yatarudi kwenu." Niliisema katika nyumba 61. Niliisema kwa mama yangu mzazi, yeye anayesafisha mawe kule ku lac Malo toka mimi niko masomo ya msingi.

Hayakurudi. Timu ile siitaji jina. Nimejaribu simu ya yule aliyetuandika kazi, haipiti tena, na sijui ndani yao nani alisahau na nani alizuiliwa. Lakini sentensi ile ilitoka katika kinywa changu. Kuko mama mmoja, anauza makala njiani, kila akiniona anapaza sauti: "Ee dokta, mikojo yangu iko wapi?" Watu wanacheka. Mimi sichekagi.

Sasa munajua kwa nini tumekutana. Shefu wa kartye ametangaza kwamba mwezi ujao timu nyingine inakuja. Watataka mkojo, nywele, na vumbi la ndani ya nyumba. Katika grupu yetu ya WhatsApp wengi mumeandika: tukatae, wamezoea kutuchukua kama panya. Nimesoma zote. Kuko aliyeandika kwamba wanauza mikojo yetu Ulaya. Ndugu, mikojo hainunuliwi, ingenunuliwa tungekuwa matajiri.

Mimi nasema tusikatae. Lakini tusitoe bure. Nitaeleza kwa nini, na nitakwenda polepole, juu hapa katikati kuko mambo ambayo hata mimi niliyajua nikiwa masomoni tu, si hapa nyumbani, na hiyo yenyewe ni haya.

Tuanze na 2009. Mwaka ule Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Ubelgiji, walitoa kazi katika jarida moja la kimataifa. Walipima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Hawakutafuta wachimbaji peke yao. Walichukua watu wa kawaida, wakubwa na watoto, wakalinganisha wale wanaokaa chini ya kilomita 3 toka mgodi ao kiwanda na wale wanaokaa mbali. Kobalti waliyoikuta katika mkojo wa wale wa karibu ilikuwa ya juu kuliko yote iliyokuwa imewahi kuandikwa duniani kwa raia wa kawaida. Watoto walizidi wakubwa. Na haikuwa kobalti peke yake: waliona pia kadmiamu, risasi, uraniamu.

2009. Wengi wenu hapa mulikuwa munavaa kaptula ya masomo. Nambari ile imekuwa katika jarida muda wote huo, kwa Kiingereza. Kapata iko wapi na jarida lile liko wapi?

Kisha Kasulo. Hiyo munaijua kuliko mimi. Mwaka 2014 habari ilienea kwamba chini ya nyumba za Kasulo kuko kobalti, na kartye nzima ikageuka karyeri. Watu walichimba chumbani, jikoni, kando ya choo. Mtoto analala hapa, shimo liko pale, kati yao kuko pazia. Walioponda mawe waliponda mbele ya mlango. Mwaka 2017 familia zikahamishwa, ukuta ukajengwa. Lakini mbele ya kuhamishwa, profesa yule na wenzake wa Lubumbashi, Leuven na Gent walikuwa wamekwisha kufika. Walipima watu 72 wa Kasulo, kati yao watoto 32, na wakapima pia watu wa kartye nyingine ya Kolwezi isiyokuwa na mashimo. Kazi ikatoka 2018.

Hapa nisimame kidogo, juu ya hii kartye nyingine. Watu wanauliza: kama munataka kujua ugonjwa wa Kasulo, kwa nini kwenda kupima watu wasiougua? Mama akipika sufuria mbili za sombe, na moja tu ametia chumvi, ukionja ile moja peke yake utabisha mpaka asubuhi: ni chumvi, hapana ni magadi, hapana ni mafuta. Ukionja zote mbili, umejua. Watu wa Kolwezi tunakula bukari ileile, tunanunua soko lilelile, tunaumwa malaria ileile. Kama kobalti imejaa katika mkojo wa huyu na haikujaa katika mkojo wa yule, na tofauti yao ni mashimo, basi hakuna wa kutuambia kwamba "ni chakula chenu" ao "ni udongo wa Katanga, Mungu aliuumba hivyo". Hiyo njo kazi ya utafiti. Mtu mmoja akikohoa, ni kikohozi chake. Hata daktari mwema hawezi kukuandikia karatasi kwamba kikohozi chako kimetoka ku lac Malo. Lakini ukipima watu 72 na wenzao, kikohozi kinaacha kuwa cha mtu mmoja.

Na walikuta nini? Kobalti katika mkojo na damu ya watu wa Kasulo ilikuwa juu sana kuliko ya wenzao, na watoto ndio walikuwa na nyingi zaidi. Kwa watoto waliona pia alama za kuharibika kwa ADN, ule mpango wa mwili unaokaa ndani ya kila chembe. Watoto hawa hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wanacheza chini. Vumbi la ndani ya nyumba lilipimwa, nalo lilikuwa limejaa.

Nilipoisoma ile kazi mara ya kwanza nilikuwa Lubumbashi, katika saiba, nimelipa dakika 30. Nilifika kwenye neno vumbi nikakumbuka mama anavyorudi jioni. Anaweka mfuko kando ya mlango. Anakunguta kitambaa chake pale pale. Mudogo yangu anakimbia kumkumbatia. Nguo zake zinalowekwa katika beseni moja na nguo za watoto, juu beseni ni moja. Asubuhi dada anafagia, vumbi linapanda mpaka dirishani, jua linaingia, na kwa kweli ni kitu kizuri kuangalia. Kisha tunakaa kunywa chai.

Hatari tuliyofundishwa kuogopa ni shimo. Shimo likianguka, tunalia, tunachanga, tunazika, na jina la marehemu linajulikana. Vumbi halina siku ya mazishi. Linaingia na lenga-lenga iliyolimwa kando ya barabara ya malori, linaingia na samaki, na unga ulioanikwa nje. Kuko kazi nyingine, ilitoka 2014, iliyofuata njia hizo huku Katanga, moja moja: majani na nafaka vya mashamba ya karibu, samaki, mayi, vumbi. Yaani walifanya hesabu ya sahani yetu.

Mutauliza: na hiyo kobalti ikiingia inafanya nini? Nitasema yale yanayojulikana, sitaongeza chumvi. Vumbi la kobalti linaweza kuleta pumu, na kwa wafanyakazi wa viwanda vya vyuma vigumu limejulikana toka zamani kwamba linaharibu mapafu. Linawasha ngozi. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lile la OMS, liliweka kobalti katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinaleta kansa kwa mtu. Na moyo. Hii ya moyo ina hadithi yake, na inahusu bia, basi sikilizeni.

Miaka ya 1960, kule Québec, Canada, viwanda vya bia viliona kwamba povu linakufa mbio ndani ya glasi. Wakaanza kutia chumvi ya kobalti kidogo sana ili povu lisimame. Kati ya 1965 na 1966 wanywaji wakubwa wa bia wakaanza kufika hospitali na moyo umevimba, pumzi haitoshi. Zaidi ya watu 40, karibu nusu wakafa. Madaktari wakalinganisha: nani anaumwa, alikunywa bia gani, toka lini. Kobalti ikatolewa katika bia na ugonjwa ukasimama. Siseme kwamba siye tutakufa na moyo kama wale. Wale walikunywa bia nyingi, wengi walikuwa wanakula vibaya, na dozi si moja. Nasema tu muone muda: huko, kutoka mgonjwa wa kwanza mpaka kobalti kutolewa, ni miezi. Huku kwetu, kutoka 2009, munaweza kuhesabu wenyewe.

Iko nyingine ambayo ni nzito, na bamama waniruhusu. Ilitoka 2020 katika The Lancet Planetary Health. Kule Lubumbashi, kati ya 2013 na 2015, walitazama watoto wachanga 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana, wakawalinganisha na watoto 108 waliozaliwa bila kilema. Wakauliza wazazi wanafanya kazi gani. Wakakuta kwamba baba kuwa na kazi ya mgodi kulikwenda pamoja na hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema, mara 5 na nusu hivi. Baba, si mama. Huku kwetu mtoto akizaliwa vile, familia inamtazama nani? Inamtazama mama. Alikula nini, alimkosea nani, nani amemloga. Nawajua badada wawili waliorudishwa kwao juu ya hiyo. Laiti karatasi ile ingesomwa kwa sauti katika kikao cha familia.

Lakini niwe mkweli kama lisansi inavyonidai. Ile 5 na nusu ina upana mkubwa: hesabu yao wenyewe inasema inaweza kuwa kidogo tu juu ya 1, inaweza kufika 25, juu watoto waliopimwa si wengi. Na haikusema kwamba kobalti njo ilifanya. Utafiti mmoja hauhukumu mtu. Unafungua mlango, wengine waingie wakahakikishe. Wakubwa wanaupenda mlango huo ukiwa nusu wazi, nusu umefungwa, juu wanapata kusema "haijathibitishwa". Na siye tukikataa kutoa mkojo, tunawasaidia kuushika mlango pale pale katikati.

Njo sababu yangu ya kwanza.

Sababu ya pili iko Mombasa. Kuko kartye inaitwa Owino Uhuru, maskini kama siye, nyumba za mabati. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani ili kupata risasi kilianza kazi kando yao. Mama mmoja, Phyllis Omido, alipata kazi ya ofisi katika kiwanda kile. Mtoto wake mdogo akaanza kuumwa, wakatibu hiki, wakatibu kile. Mwisho wakapima damu: risasi. Angeweza kunyamaza, kampuni ilimlipia hospitali. Akaenda kuchukua watoto wengine wa kartye nao wakapimwe, na damu yao ikawa ileile. Kutoka pale hakuna aliyeweza kumwambia kwamba ni mtoto wake tu. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa watu wa Owino Uhuru shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya rufaa ikaivunja, wakaendelea, na Desemba 2024 Mahakama Kuu Zaidi ya Kenya ikairudisha. Miaka yote ile watu walizikwa, sikatai. Lakini walipofika mbele ya jaji walikuwa na karatasi za damu zenye nambari, na nambari zilikuwa mikononi mwao.

Hiyo njo tofauti yao na siye. Kwetu nambari ziko. Ziko katika majarida, zina hata majina ya kartye zetu. Amnesty International na Afrewatch walitoa ripoti Januari 2016, waliongea na wachimbaji na bamama wa sehemu hizi, wakaandika kwamba wengi wanafanya kazi bila glovu, bila maski. Machi 2024 Afrewatch na RAID wakatoa nyingine juu ya mayi ya pembeni ya migodi mikubwa. Waliuliza watu 144 katika vijiji na miji midogo 25, na zaidi ya nusu walisema uchafu wa mayi unaumiza afya ya uzazi ya wanawake na wasichana. Muone vizuri: hiyo ya pili ni ushuhuda wa watu, si kipimo cha damu. Ina nguvu yake, lakini ni nguvu nyingine. Mtu akikupinga nayo, umjibu kwa kuomba kipimo kifanyike, usimjibu kwa hasira.

Basi tutoe mkojo kwa masharti gani? Tumeyaandika na wenzangu wanne, jana usiku, kwa tochi ya simu juu snel ilikuwa imekatika. Hayajakamilika.

Kila mtu apewe namba yake mwenyewe, kwa karatasi, kwa Kiswahili, na maelezo mafupi: hii ni ya kawaida, hii iko juu, ukifika hapa nenda ukamwone munganga. Watasema majibu ya mtu mmoja mmoja hayana maana kwa daktari, yana maana yakiwa pamoja. Nimelisoma hilo masomoni na nusu yake ni kweli. Basi waandike hivyo kwenye karatasi, lakini watoe. Mama wa makala si mjinga. Anaweza kuelewa "nambari hii haituambii kama utaumwa, inatuambia unaishi ndani ya nini". Mimi nimemweleza hivyo juzi, amelielewa kwa dakika mbili, akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu.

Majibu ya kartye nzima yasomwe hapa, hapa hapa, mbele ya watu, na nakala moja ibaki kituo cha afya, moja kwa mareko. Yasianze kusomwa katika hoteli ya mjini mbele ya wenye kravati.

Tarehe iandikwe. "Majibu yatarudi" bila tarehe ni sentensi niliyoisema mara 61.

Waseme nani analipa utafiti. Si kwamba pesa ya kampuni ni haramu moja kwa moja, lakini tujue.

Na vijana wa hapa watakaofanya ankete waandikwe majina yao katika kazi, na wabaki na nakala ya maswali. Hapa nakubali ninajipigia debe.

Kuhusu maabara. Mikojo ya tafiti zile kubwa ilisafiri mpaka Ubelgiji kupimwa, juu mashini ya kuona chuma kidogo namna ile ni ya gharama. Lualaba inatoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia nzima na mkojo wetu unapanda ndege kuliko siye. Kodi ya Migodi iliyorekebishwa 2018 inasema kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa miradi ya maendeleo ya watu wa pembeni. Juu ya hiyo, asilimia 15 ya mrabaha inakwenda kwa komini na sekta ambamo mgodi uko. Wakati wa kuchagua miradi tumezoea kuomba nini? Jengo, rangi, kisima chenye jina la kampuni. Sijaona kikao ambapo mtu ameomba maabara. Tuombe. Hata tukikataliwa, ibaki katika prosesi-verbali kwamba Kapata iliomba.

Sasa nyumbani. Najua kwamba nikisema "loweka nguo za karyeri peke yake", kuko mtu atasema tumeanza kulaumiwa siye. Ninaielewa hasira hiyo, ninayo. Kila mwaka kuko mtu anakuja na kibango cha "nawa mikono" na malori yanapita nyuma yake yanamwaga vumbi juu ya kibango. Lakini mudogo yangu ana miaka minne. Hawezi kungoja Kodi ya Migodi. Kwetu tumefanya vitu vichache: mfuko wa mawe haupiti mlango, unabaki nje juu ya plastiki. Mama anabadilisha nguo nyuma ya nyumba, na tulinunua beseni ya pili, franka si nyingi. Hatufagii kukavu tena, tunamwagia mayi kwanza ao tunapangusa na kitambaa chenye mayi. Lenga-lenga tunaiosha mara mbili. Mayi yenyewe tunayanunua kwa bido, kwa hiyo kila kuosha ni franka, mimi nimehesabu, kwa nyumba yetu ni karibu bido moja zaidi kwa siku. Si kila nyumba inaweza. Nasema ili kesho mtu asiwaambie bamama kwamba usafi ni bure.

Mama yangu nilipomweleza haya yote, ya Kasulo, ya Québec, ya baba na watoto, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwana, njala njo itatuua mbele. Kesho niko naenda." Na kesho yake alikwenda. Sina jibu la hiyo. Diploma yangu hailishi nyumba, mawe yake njo yalilipa minervali yangu. Kila karatasi niliyoisoma juu ya vumbi imelipwa na vumbi. Kwa hiyo simwambii aache. Ninachoweza ni kuhakikisha kwamba mara hii akitoa kikopo chake, atarudishiwa nambari.

Amekwisha kuniambia atatoa. Alisema na sharti lake la sita, ambalo siye hatukulifikiri: wapime na wale wakubwa wanaokaa ndani ya uwa za makampuni, walewale wanaokunywa mayi ya chupa, ili tuone sufuria ya pili. Nimeliandika jinsi alivyosema.

Karatasi ya masharti iko hapa juu ya meza. Wenye kutaka kuongeza, ongezeni chini, kuko nafasi. Wenye kupinga, andikeni pia kwa nini, tutakapokwenda kwa shefu siku ya tatu tutasoma yote. Bamama msiopenda kuandika, njoo nitaandika mimi. Kalamu ni mbili, ile ya blue inakwama, muikunguteni kidogo.